Sare ya Skrini: Kutoka Geneva hadi Halmashauri za Dodoma

Fungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa. Kisha ya Mpwapwa, ya Bahi, ya Chamwino. Vuka mpaka uingie Manyoni na Ikungi, mkoani Singida. Nembo, menyu, habari, matangazo, viunganishi: utavikuta pale pale ulipoviacha kwa jirani. Ni kama wanafunzi wa shule moja mstarini, sura mbalimbali lakini sare ni ile ile.

Sare hiyo ilivaliwa kwa mkupuo. Machi 2017, mjini Dodoma, zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185. Kuvalisha kurasa nyingi kiasi hicho mavazi ya aina moja kunawezekana kwa sababu ya kitu ambacho mtazamaji hakioni: laha ya mitindo, yaani faili la maagizo ya rangi, herufi na nafasi. Vijana wa kompyuta huiita tu "si-es-es" (CSS).

Wavuti ilipoanza, kitu hicho hakikuwapo. Aliyetaka vichwa vya habari vyekundu aliandika nyekundu kwenye kila kichwa, ukurasa kwa ukurasa, na mkubwa wake akighairi akataka bluu, kazi ilianza upya. Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, alitoa pendekezo la kutenganisha mambo hayo: maneno yakae kwake na mavazi yakae kwake. Mholanzi Bert Bos aliungana naye, na Desemba 1996 toleo la kwanza la CSS likapitishwa na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti.

Lakini kompyuta ya ofisini si kivinjari peke yake. Kuna programu zenye madirisha yake, za hesabu, za masjala, za ramani, zilizojaa vitufe, orodha na visanduku vya kujazia. Mafundi huviita wijeti. Kwa miaka mingi sura ya wijeti ilishonewa ndani ya programu yenyewe. Kutaka kitufe chenye kona za mviringo kulimaanisha kurudi kwenye msimbo. Hapo wakatokea Wanorwei tena. Kampuni ya Trolltech ya Oslo, iliyotengeneza Qt, zana ya kuundia programu zenye madirisha, iliazima mtindo wa wavuti ikauingiza kwenye wijeti, katika toleo la 4.2 la mwaka 2006. Tangu hapo mstari mmoja unatosha kuagiza: vitufe vyote viwe vya kijani; vilivyo ndani ya dirisha la malipo viwe vyekundu; kikizimwa, kififie. Wenzao wa GTK, zana nyingine ya aina hiyo, walifuata mwaka 2011.

Matunda yake yanaonekana kwenye QGIS, programu huria ya ramani iliyojengwa juu ya Qt. Toleo lake la 3, la mwaka 2018, lina vazi jeusi la kazi za usiku. Kwa mpimaji wa Dodoma, mji unaogawa viwanja tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa 2017, hilo si pambo. Macho yana kikomo, na vipimo vya viwanja ni vile vile, skrini ivae nyeusi au nyeupe.

Kuna jambo moja la awali ambalo mimi nasikitika halikudumu. Katika pendekezo lake la 1994, Lie alitaka msomaji atangulie kutaja kwa asilimia uzito wa kila agizo lake. Akisema 40, zinazobaki ni za mwandishi wa ukurasa. Asilimia zile ziliachwa. Siku hizi mavazi huamuliwa na mwenye tovuti, na msomaji huvishwa tu, hata kama herufi ni ndogo kuliko punje za uwele.

Hata hivyo msomaji hakunyang'anywa yote. Ukiifungua tovuti ya halmashauri yako kwenye kompyuta na herufi zikakushinda, shikilia kitufe cha Ctrl, kisha bonyeza alama ya kujumlisha. Herufi zitakua kwako, na ukurasa wa mwenzako hautaguswa.