Ulumbi na Msikilizaji Mwenye Uamuzi

Istilahi nyingi zinazofundishwa hadi leo katika ulumbi, yaani ufundi wa kusema mbele ya hadhira kwa lengo la kuishawishi, zilizaliwa katika miji ya Wagiriki na Warumi baina ya karne ya 5 K.K. na karne ya 1 B.K., na nyingi kati ya hizo hubeba alama ya taasisi iliyozihitaji. Mapokeo ya kale huanzia Syracuse, kisiwani Sicily, ambako utawala wa mabavu ulipoanguka katika miaka ya 460 K.K. raia walikimbilia mahakamani kudai mali waliyonyang'anywa, na Corax na Tisias hutajwa kuwa wa kwanza kufundisha namna ya kujenga hoja. Mwaka 427 K.K. Gorgias, mjumbe kutoka Leontini katika kisiwa hichohicho, aliwasili Athens kuomba msaada wa kivita, na ufasaha wake ukawastaajabisha wenyeji.

Ufundi huo ulistawi Athens kwa sababu mwenye kesi alitakiwa kujisemea mwenyewe mbele ya jopo la raia waliochaguliwa kwa kura ya bahati, ambao katika mashauri ya umma kwa kawaida hawakupungua 501. Muda wake ulipimwa kwa klepsidra, chombo cha udongo kilichotiririsha maji, na hotuba zilipokwisha waamuzi walipiga kura bila kujadiliana kwanza, hivyo maneno ya msemaji ndiyo yaliyobeba uzito wote. Asiyeweza kujitungia hotuba aliinunua kwa logografo, yaani mwandishi wa hotuba za mahakamani, kama alivyokuwa Lysias. Katika eklesia, mkutano mkuu uliofanyika kwenye kilima cha Pnyx, raia yeyote aliruhusiwa kusema, ingawa wanawake, watumwa na wageni walifungiwa nje ya haki hiyo.

Mwanafalsafa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 K.K., ndiye aliyezipanga dhana za ulumbi kwa utaratibu uliodumu, na jambo la maana zaidi katika kazi yake ni kwamba aliligawa somo kwa kumtazama msikilizaji. Hotuba ya mahakamani humwendea anayeamua yaliyopita, hotuba ya barazani humwendea anayeamua yajayo, na hotuba ya sherehe, inayosifu au kulaumu, humwendea mtazamaji. Njia za kushawishi nazo ni tatu: ethosi, ambayo ni imani anayoijenga msemaji kwa tabia inayoonekana katika hotuba yenyewe, pathosi, ambayo ni hisia zinazoamshwa kwa wasikilizaji, na logosi, ambayo ni hoja yenyewe. Kiini cha logosi ni enthimema, hoja ambayo aghalabu huacha sehemu moja bila kutamkwa kwa kuwa hadhira inaijua tayari, hivyo msikilizaji hushiriki kuikamilisha.

Warumi waliyageuza mafundisho hayo kuwa hatua za kazi. Mwanasiasa na mlumbi Cicero, akiwa bado kijana, aliziorodhesha sehemu tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika maneno yanayofaa, kuzihifadhi moyoni, na kuziwasilisha kwa sauti na mwili. Mwaka 43 K.K. aliuawa kwa amri ya mahasimu wake wa kisiasa, na kichwa chake kikawekwa kwenye Rostra, jukwaa lilelile ambapo alikuwa akihutubia. Mamlaka yalipohamia kwa makaisari, baraza lilipungukiwa na uamuzi, na ulumbi ukapata hifadhi katika shule, ambako vijana walizoezwa kwa kesi za kubuni. Quintilian, mwalimu aliyelipwa kutoka hazina ya dola, alikusanya maarifa hayo katika vitabu 12 na kushikilia kwamba mlumbi wa kweli lazima awe kwanza mtu mwema.

Vitabu vya zama hizo viliziokoa istilahi zisipotee, lakini vilizipokea wakati ambapo uwanja mkuu wa ulumbi ulikuwa umefungwa, na ndiyo sababu katika vizazi vilivyofuata ulumbi ulielekea kufundishwa kama pambo la lugha. Historia yake inadai usomwe kwa namna nyingine, kwa kuwa ethosi, pathosi na logosi ziliundwa kwa ajili ya msemaji anayesimama mbele ya watu wenye uwezo wa kumkatalia, na anayezifundisha bila kumkumbuka msikilizaji huyo hufundisha nusu tu ya somo.