Hurafa na Jamaa Zake: Kisa cha Punda wa Dobi

Kitabu alichokichapisha Padri Edward Steere mjini London mwaka 1870, Swahili Tales, chenye hadithi alizozipokea kwa wenyeji wa Unguja, chatosha peke yake kuivunja dhana iliyotamalaki miongoni mwetu kwamba kila kisa ambacho ndani yake mnyama hunena ni hurafa. Humo yumo paa wa Sultani Darai, aliyenunuliwa kwa thumuni na fakiri mchakuaji wa jaa, akamwoza bwana wake binti wa sultani na kumpatia jumba la nyoka wa vichwa saba, kisha akafa kwa kunyimwa ihsani na yule yule aliyemtajirisha. Paa huyu ni msemaji fasaha kuliko wanadamu wengi, walakini kisa chake ni hekaya, kirefu na chenye ajabu, kipendwacho kwa ajili yake chenyewe. Humo pia zimo habari za shujaa Liongo, asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Hicho ni kisakale, kwani wasimulizi wake husadiki kwamba aliishi, na huko Kipini kaburi lake huonyeshwa.

Hurafa ni kitu kingine. Mfano wake, katika kitabu hicho hicho, ni kisa cha kima na papa. Papa alimchukua rafiki yake kima mgongoni, na walipofika kati ya bahari akamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima, bila ya kutaharuki, akajibu kwamba kima wakitembea huiacha mioyo yao mitini, na papa, kwa upumbavu wake, akamrudisha pwani. Alipokwisha kukwea mkuyu hakushuka tena. Na papa alipozidi kumwita, akamhadithia punda wa dobi, ambaye sungura alimpeleka kwa simba, akararuliwa, akaponyoka, kisha akabembelezwa mara ya pili, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipovidai akaambiwa kwamba lau punda yule angalikuwa navyo, asingalirudi.

Kima hapo haburudishi mtu. Anatoa hoja, na anayehojiwa yuko chini yake majini. Kwa rai yangu hurafa haitambulikani kwa manyoya ya wahusika wake, bali kwa kuwa na mtu aliyekusudiwa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kisa hiki, pamoja na punda wake, kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambamo papa ni mamba; kikafasiriwa Uajemi katika karne ya 6, zama za mfalme Anushirwani, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, katika Kalila wa Dimna, mamba akawa kobe. Humo msimulizi ni mwenye hekima Baidaba, na msikilizaji ni mfalme Dabshalimu, ambaye, kama dibaji ya kitabu isemavyo, aliwahi kumtia Baidaba gerezani kwa kumnasihi waziwazi. Pwani yetu ilipokipokea kisa, ikampa papa nafasi ya kobe, na sungura nafasi ya mbweha.

Basi wanaokusanya ngano leo na wawaulize wasimulizi, pamoja na kisa, ni nani alimwambia nani na kwa jambo gani, maana wakiyaacha hayo watakuwa wameandika hekaya fupi ya wanyama tu.