Kilichopita Ndani ya Mlango

Mjomba wangu hafungi redio ya gari kwa masikio, anafunga kwa vidole. Ukipita kwenye kibanda chake hapa Nyeri mjini, chini kidogo ya stendi, utamkuta ameweka kidole juu ya karatasi ya spika, macho ameyafumba, kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Kwa mkono mwingine anagusisha nyaya mbili kwenye jiwe la tochi. Karatasi ikisukumwa nje, anasema, "Hiyo ni sawa." Ikivutwa ndani, anageuza waya. Miaka thelathini na kitu ya kazi hii imemla masikio. Sauti nzito bado anazipata, lakini zile nyembamba, kama kengele au mwanamke akiimba juu, zimemtoka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea historia, karo ikakatika, halafu hata nilipoweza kurudi sikurudi. Mamangu hasemi kwamba niliacha, anasema nimepumzika. Siku hizi naandikia yeyote anayelipa: barua za kazi, risala za harusi, matangazo ya mashamba. Siku ambazo hakuna wa kulipa, nashuka kwa mjomba kumshikia tochi. Mwaka huu ameanza kuniambia, "Wewe si ulikuwa unasoma historia? Basi andika hii."

Tuanze na mlango wenyewe.

Wiki mbili zilizopita alikuja jamaa wa Mukurwe-ini na Probox yake. Spika ya mlango wa abiria imekufa, akasema, na tayari alishanunua nyingine. Mjomba hata hakuiangalia ile spika mpya. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena polepole, na redio ikakohoa. "Spika yako ni nzima," akamwambia. "Ni waya." Kati ya mwili wa gari na mlango kuna mpira uliokunjwa-kunjwa kama shingo ya kobe, na nyaya zote za mlango hupita humo. Gari la mwenyewe hufungua mlango huo mara nne kwa siku. Gari la abiria hufungua mara mia. Shaba iliyo ndani inakatika, lakini ganda la plastiki linabaki zima, kwa hivyo ukiangalia huoni kitu.

Kazi ni hii. Unatoa waya hasi wa betri. Unafungua skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio, unang'oa paneli kwa upole ili vibanio visivunjike, unabandua karatasi ya plastiki. Waya wa breki ya baiskeli ndiyo sindano yetu: unaupaka sabuni, unaupitisha kwenye mpira kutoka upande wa dashibodi, unafunga waya mpya nyuma yake, unavuta. Unaacha urefu wa ziada ili mlango ukifunguka hadi mwisho waya usivutike. Unaufunga mbali na njia ya kioo. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, unaweka mpira, maana ukingo wa bati ni kisu. Na kabla waya haujafika kwenye spika unaushusha chini kidogo kisha unaupandisha, ili maji yadondoke pale kwenye kona. Watu hawajui kwamba mlango wa gari ni mtaro. Mvua inayoteleza kwenye kioo huingia ndani yake na kutokea kwenye vitundu vya chini. Hapa Nyeri, mwezi wa nne, ukisahau hiyo kona mteja anarudi.

Sasa, spika ilifikaje mlangoni? Mwaka wa 1930 huko Chicago, kampuni ya ndugu wa Galvin ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola. Redio za wakati huo zilikuwa na spika moja, na moja haihitaji mlango, inakaa popote. Kaseti ya Philips ikaja 1963, kisha muziki wa pande mbili, kushoto na kulia. Hapo ndipo milango ikapata kazi: iko miwili, inatazamana, na ndani ina uwazi. Lakini pande mbili zilileta shida mpya. Ukikosea waya wa mlango mmoja, chanya kwenye hasi, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana katikati ya gari. Muziki unabaki mwembamba kama chai ya matanga. Ndiyo maana ya lile jiwe la tochi.

Huku kwetu, mlango wa gari una historia ya abiria kwanza. Matatu zilipata jina kwa nauli ya senti thelathini, mapeni matatu ya kumi kumi, na 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ya uchukuzi. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali. Kitu ambacho hukukisikia kwenye Sauti ya Kenya ulikisikia kwenye santuri, baadaye kwenye kaseti kutoka River Road. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Joseph Kamaru wa Kangema alimwimba. Watu wa Mlima Kenya hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuimba kitu kisichosemwa. Wazee wao walikuwa wameshabadilisha maneno ya nyimbo za kanisa miaka ya Mau Mau.

Halafu ikaja 1990. Mwezi wa tano, Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Mwezi huohuo vibanda vya Muoroto, Nairobi, vikabomolewa, na haukupita muda kabla ya kaseti za nyimbo za Kikuyu kuhusu kisa hicho kuanza kusafiri. Zilisafiri kwa matatu. Serikali ikaziita za uchochezi, wauzaji wakakamatwa, mikanda ikatwaliwa. Tarehe 4 Julai Matiba na Rubia wakawekwa kizuizini, na tarehe 7, Saba Saba, Kamukunji ikawaka na fujo zikaenea hadi Mkoa wa Kati.

Hapa mjomba anazima redio ya Probox. Amenisimulia hii mara moja tu, siku hiyo, paneli ikiwa magotini mwake.

Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na tisa, manamba wa Peugeot 504 ya Nyeri kwenda Nairobi. Dereva wake alikuwa mtu wa kanisa, hanywi, hatukani. Alinunua kaseti River Road, na abiria wengine walikuwa wanapanda gari lile kwa sababu yake. Msako ulipoanza, alimwita mjomba jioni, akampa bisibisi, akamwonyesha jinsi ya kufungua paneli ya mlango wa nyuma. Wakafunga kaseti saba kwa karatasi ya mkate kwa sababu ya maji, wakazizungushia kitambaa zisigongane, wakazilaza chini kabisa, mahali kioo hakifiki. "Nilikuwa nikiogopa zaidi kuvunja vibanio vya paneli," mjomba alisema, "kwa sababu angenikata mshahara."

Wiki iliyofuata, kwenye kizuizi cha barabarani, gari lilipekuliwa. Viti viliinuliwa. Buti ikamwagwa. Milango haikuguswa. Kisha askari mmoja akabonyeza kitufe cha redio, na kaseti ya nane ikatoka. Walikuwa wameisahau ndani ya mashine.

Dereva alikaa ndani siku kumi na moja. Aliporudi hakuendesha tena, alifungua kaduka huko kijijini kwao, na kaseti hakuzungumzia tena hata siku moja. Mjomba ndiye aliyefungua ule mlango baadaye, peke yake, akazitoa zile saba. Nikamuuliza alizipeleka wapi. Akasema, "Nilizichoma. Wewe ungefanya nini?" Halafu akaniambia nisiandike jina la yule mzee, watoto wake wako hapa mjini.

Chuoni tulisoma 1990 kwa wiki nzima. Tulisoma wanasiasa, mawakili, maaskofu, mabalozi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na tuliandika insha kuhusu nani alikifuta. Hakuna mtu aliyetaja manamba na bisibisi. Simlaumu mwalimu, angejuaje? Kitu chenyewe kilichomwa, na mtu pekee anayekikumbuka alikuwa na aibu, si fahari. Mjomba hasimulii hii kama shujaa. Anasimulia kama mtu aliyesahau kaseti.

Lakini bisibisi ilibaki mkononi. Bila gari, bila kazi, alichokuwa anajua ni kufungua mlango bila kuvunja vibanio, na wakati ukamkuta hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 90 uagizaji ulilegezwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Karibu wakati huohuo mawimbi yakafunguliwa: Capital FM ikaanza 1996, Kameme, ya kwanza ya Kikuyu, ikaanza 2000. Sasa angalia hesabu hii. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kwa FM ya kwao, kuanzia 76 mpaka 90. Capital ilikuwa 98.4 pale Nairobi, Kameme 101.1. Mtu anashusha gari lake zuri Mombasa, analipanda mpaka Karatina, na stesheni anayoitaka haimo kwenye redio yake. Lazima atafute kifaa cha kuongeza masafa au redio nyingine, na ukishabadilisha redio utataka na spika.

Mjomba anasema miaka ile alikuwa anakula nyama Jumanne. Watu walitoka Othaya, Naro Moru, hata Nanyuki. Si kwamba walipenda kelele. Sasa mtu aliweza kuendesha gari na kusikia lugha ya mamake ikisoma habari saa moja asubuhi, bila kujificha. Mjomba alikuwa akipitisha waya mahali palepale alipokuwa ameweka zile kaseti. Namuuliza kama aliwahi kulifikiria hilo. Anasema alikuwa anafikiria mkono wake usikwaruzwe na bati.

Sheria za John Michuki zikaja Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano. Matatu zikaingia fundi kwa mambo mengine na pesa ikahama. Siku hizi gari linakuja na skrini iliyoshonwa ndani ya kompyuta yake, ukigusa waya usiofaa taa za dashibodi zinawaka zote. Vijana wa kazi hii wana laptopu. Mjomba ana jiwe la tochi. Zilizobaki ni Probox na gari za kizazi chake, na hizo zinakatika nyaya kila siku, ashukuriwe Mungu na abiria.

Ameniuliza kama nataka kibanda. Sijamjibu. Naweza kuvuta waya bila kukwaruza chochote, na hiyo ni zaidi ya nilichotoka nacho chuoni, lakini nikishika bisibisi kila siku sijui nitaandika saa ngapi.

Tulimaliza ile Probox saa kumi na moja jioni. Karatasi ya plastiki ikarudi, vibanio vyote vikaingia, hakuna kilichovunjika. Mwenye gari akawasha redio. Mjomba akakaa kiti cha mbele, akaweka kiganja kimoja mlango huu, kingine akanyoosha hadi mlango ule, akangoja wimbo ufike mahali palipo na besi. Kisha akanigeukia.

"Na zile za juu? Zinatoka?"

Kwa Kikuyu, kaka ya mama yako humwiti mjomba. Unamwita mama.

"Zinatoka, Mama," nikamwambia. "Pande zote mbili."

Akatikisa kichwa, akaanza kukusanya skrubu alizobaki nazo, akizihesabu kwa kidole.