Anson Dorrance

Anson Dorrance (amezaliwa Mumbai, Uhindi, 9 Aprili 1951) ni kocha wa soka wa Marekani aliyeinoa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu ilipoanza mwaka 1979 hadi alipostaafu 2024. Chini yake ilitwaa mataji 21 ya NCAA, michuano ya vyuo vikuu vya Marekani, tisa kati yake mfululizo (1986–1994), na hakuna kocha mwenzake aliyemkaribia. Siri kubwa ilikuwa mazoezini: kila mpambano wa mmoja kwa mmoja na kila mbio zilipewa alama, kisha orodha ya nafasi za wachezaji ikabandikwa hadharani. Humo ndimo alimopikwa mchezaji nyota Mia Hamm. Dorrance pia aliinoa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani, akaipa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, kwa kuifunga Norwei 2–1.