Boma la Iringa: Kutoka Ofisi ya Mkuu wa Wilaya hadi Makumbusho

Wajerumani walijenga jengo hili mwaka 1900 liwe hospitali ya kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliligeuza kuwa ofisi za utawala. Baada ya Uhuru wa 1961 likawa ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa ulilikarabati kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni.



Palipokuwa na majalada na mihuri, leo panasimuliwa historia ya Iringa, Wahehe na mtawala wao, Mtwa Mkwawa.