Taa za Safari ya Usiku

Leo tutazungumza juu ya taa za gari, hasa zile mbili kubwa ambazo wenye Land Rover hupenda kuzifunga juu ya bampa ili waone mbali usiku. Fundi mwenye ujuzi akizifunga huweka pia kisanduku kidogo ndani ya boneti, kiasi cha kibiriti, hata kidogo zaidi. Jina lake ni rilei. Bila hicho taa zaweza kuwaka, na gari nalo laweza kuwaka. Kisanduku hicho asili yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe.

Magari ya mwanzo hayakuwa na taa za umeme. Mengi yalitumia gesi ya kabidi. Maji yalidondoka juu ya kabidi, gesi ikatoka, na dereva akashuka kuiwasha kwa kibiriti, mvua inyeshe isinyeshe. Katika mwaka wa 1912 Cadillac ya Marekani ilitolewa ikiwa na starta ya umeme pamoja na taa za umeme. Tangu hapo ikawa kazi ya kidole.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Uingereza, na taa za magari ya kwanza zilikaa nyuma ya wavu wa mbele, mwanga ukipenya katika matundu. Kwa shamba zilitosha. Kwa njia za porini, penye mashimo na wanyama, hazikutosha. Mwaka wa 1953 yalianza mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana. Magari yale mengi hayakuwa ya kuvuta kwa magurudumu manne, lakini haja yao ya mwanga ilikuwa ile ile, na taa za ziada zikawa alama ya gari la Safari.

Sasa tufanye hesabu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12 za betri, utapata ampea 9 na zaidi. Mtu asiyejua huchukua waya mwembamba, akautoa kwenye betri, akaupeleka hadi swichi iliyo mbele ya dereva, kisha akaurudisha mbele kwenye taa. Waya mrefu na mwembamba hupunguza nguvu ya umeme, kama mpira mwembamba unavyopunguza maji. Volti 12 zikishuka hadi 10.8, taa hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Nguvu iliyopotea hugeuka kuwa joto. Swichi ndogo huungua, ngozi ya waya huyeyuka, na moto huanza pale pale miguuni pa dereva.

Dawa yake ilipatikana kabla ya gari, katika kazi ya simu. (Wazee wetu waliposema mtu amepelekewa simu, walikuwa na maana ya telegramu.) Umeme uliosafiri mbali ulifika umechoka. Mwaka wa 1835 mwalimu Joseph Henry wa Marekani alitumia umeme huo dhaifu kutia nguvu sumaku. Sumaku ikavuta kipande cha chuma, na chuma kikafungulia njia umeme wa betri nyingine, wenye nguvu. Samuel Morse alitumia werevu huo katika simu yake, ambayo mwaka wa 1844 ilipeleka habari kutoka Washington hadi Baltimore, yapata maili 40.

Rilei ya gari ni hivyo hivyo. Swichi ya dereva hupeleka umeme kidogo, kwa kawaida chini ya robo ya ampea, kwenye miguu iliyoandikwa 85 na 86. Ndani yake sumaku huvuta. Hapo umeme mkubwa hupita kutoka mguu wa 30, unaotoka betri, kwenda mguu wa 87, uendao kwenye taa. Waya mnene ni mfupi, nao haufiki kwa dereva kabisa.

Balbu za halojeni zilipotokea Ulaya mwaka wa 1962, mwanga uliongezeka, na tamaa pia. Taa mbili za wati 100 hula karibu ampea 17. Taa za LED za siku hizi hula kidogo zaidi kwa mwanga ule ule, lakini mafundi bado huweka rilei, na fyuzi karibu sana na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Wako watu ambao fyuzi ikikatika huweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa huwaka tena, nao hufurahi. Lakini fyuzi ilikatika kwa sababu, na sababu hiyo bado imo ndani ya gari.