Chembe shina: je, kweli zinatengeneza moyo ulioharibika?

Mutu anashika kifua, anatoka jasho baridi, maumivu yanapanda kwenye bega na taya. Wengi wanawaza sumu kwanza. Lakini mara nyingi ni shambulio la moyo: mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo umeziba. Sehemu isiyopata damu inakufa ndani ya saa chache, panabaki kovu. Kovu halipigi. Ndiyo maana aliyepona anaweza kubaki anachoka upesi na kukosa pumzi.

Chembe shina ni nini?

Ni chembe za mwili zinazoweza kuzaa chembe za kazi nyingine. Uboho ulio ndani ya mifupa una zile zinazozaa damu. Moyo wenyewe unajitengeneza polepole sana: kwa kijana wa miaka 25, kama 1% tu ya chembe za nyama yake inabadilishwa kwa mwaka.

Wamejaribu wapi?

Mwaka 2001, huko Düsseldorf, Ujerumani, munganga Bodo Strauer aliingiza chembe za uboho wa mgonjwa katika mshipa wa moyo wake. Mwaka huohuo, Piero Anversa, huko Marekani, alitangaza kwamba chembe kama hizo zimetengeneza moyo wa panya. Wengine waliporudia kazi yake hawakuona kitu. Mwaka 2018, chuo kikuu cha Harvard, alikokuwa amehamia, kiliomba maandishi 31 ya maabara yake yafutwe, sababu ya data za uongo. Uchunguzi wa Ulaya kwa wagonjwa 375, uliotolewa 2020, haukuweza kuonyesha kwamba chembe za uboho zinapunguza vifo.

Njia mpya inatoka Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alionyesha namna ya kurudisha chembe za kawaida ziwe kama chembe shina. Alipata Nobel mwaka 2012. Leo, Osaka na Göttingen wanapandikiza viraka vya nyama ya moyo vilivyotengenezwa hivyo. Bado kazi hiyo inachunguzwa.

Na huku kwetu?

Afrika Mashariki, chembe shina zinatibu magonjwa ya damu: Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2021, na Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye SS, tangu 2023. Unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la chembe shina ni kitu kingine kabisa: chembe shina haiishi ndani ya unga mkavu. Usiuze shamba ao ng'ombe juu ya hiyo.

Kinachookoa ni haraka. Maumivu ya kifua yakizidi dakika 15, usingoje kesho. Mgonjwa asitembee kwa miguu. Kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo, atafune 300 mg, halafu pikipiki ao gari impeleke hospitali. Kutoka Mutarule, barabara ya taifa namba 5 inafika Uvira. Na wewe mwenye tansio, usiache dawa siku unapojisikia muzima.